Je, cheti cha homa ya manjano huisha muda baada ya miaka 10?

Wengi wanaojiandaa kwa utume wa muda mrefu ng'ambo, kwa mfano mmisionari anayetoka Dodoma kwenda Kamerun, huamini kwamba chanjo ya homa ya manjano ni lazima irudiwe kila baada ya miaka 10. Imani hiyo ina msingi, kwa kuwa ndivyo kanuni za afya za kimataifa zilivyoelekeza hadi Julai 2016, zilipobadilishwa ili dozi moja itambulike maisha yote, vikiwemo vyeti vya zamani vilivyoandikwa tarehe ya ukomo. Wachache, kama waliochanjwa wakiwa wajawazito au wakiwa na kinga dhaifu, huweza kushauriwa na daktari kurudia.

Jambo linalosahaulika, na ambalo laweza kumkwamisha msafiri uwanja wa ndege, ni kwamba cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya chanjo ya kwanza. Kwa hiyo, kabla hujagusa sanduku, fungua kijitabu cha njano usome tarehe ya chanjo, sahihi na muhuri wa kituo, na uhakikishe jina linafanana na la kwenye pasipoti. Kisha soma masharti ya nchi uendako, na ya utakazopitia, kwenye tovuti za balozi zake.