Mtoto amenyamaza, dozi imerukwa

"Hakulalamika usiku kucha, hivyo hakupewa dawa." Nimechoka kuisoma sentensi hii kwenye mafaili ya wodini.

Mtoto aliyepasuliwa tumbo kutolewa uvimbe wa figo halii kwa sababu kulia kunakaza misuli ya tumbo, na huko ndiko kwenye mshono. Utamkuta kalala chali, magoti kayakunja, anapumua juujuu, kikohozi anakimeza. Mwambie avute pumzi ndefu. Akiikatisha katikati na kukunja uso, amekujibu.

Siku mbili za mwanzo parasetamoli hufuata saa, haifuati kilio: miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 6. Pima joto kabla ya kila dozi, maana kwa mtoto ambaye kemo, yaani dawa za saratani, imeshusha chembe zake nyeupe za damu, parasetamoli itaficha homa, na homa hiyo ni dharura. Njia ya haja kubwa usiitumie, wala usichome sindano ya msuli chembe sahani, zile za kugandisha damu, zikiwa chini. Ibuprofeni nayo iache kama sahani zimeshuka au figo imetolewa. Kodeini isahau kabisa: kuna watoto ambao miili yao huigeuza kuwa morfini, dawa kali ya maumivu, kwa kasi ya hatari, na wengine haiwasaidii lolote.

Halafu morfini yenyewe, na lile neno la woga, "atazoea". Mtoto wa zaidi ya mwaka mmoja, akishaanza kunywa, akipewa miligramu 0.2 kwa kilo kila saa 4 kwa siku chache za maumivu makali, hawi mraibu. Cha kulindwa ni pumzi, na usingizi mzito hutangulia kabla pumzi hazijapungua. Ukimwita akafumbua macho kisha akasinzia kabla hajamaliza kujibu, zuia dozi inayofuata, hesabu pumzi dakika nzima, naloksoni, dawa ya kuzima nguvu ya morfini, iwe karibu. Dawa ya kulainisha choo ianze pamoja na morfini, hasa kama alipata vinkristini, mojawapo ya dawa za kemo, ambayo nayo hufunga choo.

Kipimo cha alama 0 hadi 10, cha uso, miguu, kujigeuza, kilio na kutulizika, tunakitumia, lakini hakitenganishi maumivu na hofu au njaa, na mtoto aliyejikausha hupata alama chache kuliko anavyoumia. Muulize mama kama ndivyo mwanawe anavyolala siku zote. Akisema sivyo, mpe dozi iliyopangwa, rudi baada ya saa moja, uone kama amenyoosha miguu.