Kilwa Haikuletwa na Jahazi

Mbele ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani swali huwa ni lile lile, awe anayeuliza ni mwanafunzi, mtalii au kiongozi wa serikali: "Hawa waliojenga walikuwa Waarabu au Waajemi?" Mwenyeji hatajwi hata kwa kukisiwa. Dhana hii inachosha, na inachosha zaidi inapotoka kwa mjukuu wa waliojenga.

Jibu liko chini ya miguu ya anayeuliza. Magofu ya mawe yanaanzia karne ya 11 hivi. Chini yake wachimbaji walikuta kijiji cha karne ya 9: nyumba za miti na udongo, taka za chuma kilichofuliwa papo hapo, shanga za kombe. Waliishi hapo wavuvi na wafua chuma vizazi kadhaa kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Vyungu vyenye michoro ya pembetatu vya jamii hizo za pwani, vya karne ya 7 hadi ya 10, vimepatikana kuanzia Lamu hadi Msumbiji na Komoro, na bara pia. Vyombo vya kuagiza kutoka Uajemi na China vipo, lakini katika miji mingi ya Waswahili havifiki vipande 5 katika kila 100. Tatizo ni kabati la makumbusho: bakuli la kijani la China huwekwa mbele, vigae vya chungu cha kupikia hubaki kwenye mifuko stoo, na mgeni hutoka akiamini kila kitu kilikuja na jahazi.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote uko Shanga, mji wa kale kisiwani Pate, karibu na Lamu, Kenya. Hapo misikiti ilijengwa juu ya misikiti, mahali pale pale. Wa chini kabisa, wa karne ya 8, ulikuwa wa miti na ungetosha watu wachache tu. Ukafuatwa na mwingine mkubwa kidogo, kisha mwingine, hadi wa mawe ukasimama karne ya 10. Mji ulioletwa mzima kutoka ng'ambo ungeanza na jengo lililokamilika. Huu ulikua kadiri waumini walivyoongezeka.

Kisha tazama ufundi wenyewe. Kuta ni za mawe ya mwamba wa matumbawe ya nchi kavu, yaliyoshikwa kwa chokaa. Mihrabu na miimo ya milango ni matumbawe laini yaliyokatwa baharini, yakachongwa yakiwa bado mabichi, kwa sababu yakikauka huwa magumu. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo la magogo, kisha kuyaacha yanyeshewe miezi kadhaa. Vyumba vingi havizidi mita 3 kwa upana, maana ndio urefu ambao boriti ya mkoko inaweza kubeba dari ya mawe bila kupinda. Mwenye kutaka kuhakikisha aje na futi yake, apime chumba baada ya chumba. Ufundi huu hujifunzwa na anayeishi karibu na mikoko na miamba ya matumbawe.

Husemwa, "Lakini historia ya Kilwa yenyewe, iliyoandikwa zamani, inataja Washirazi, watu wa Shirazi huko Uajemi." Inawataja, na isomwe hadi mwisho. Inasema kiongozi wao, Ali bin Hasan, alikinunua kisiwa kwa nguo za kukizunguka chote. Huwezi kununua kisiwa kisicho na mwenyewe. Nakala ya Kiarabu inaongeza kwamba wageni walikuta msikiti tayari, na Mwislamu aitwaye Muriri wa Bari. Aidha, utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023, kwa mabaki ya watu 80 hivi wa miji ya pwani, umeonyesha kuwa kuchanganyika kulianza karibu mwaka 1000: mama wa Kiafrika kwa wingi, baba wengi wenye asili ya Uajemi. Kwa hiyo Washirazi si hadithi tupu. Walikuja, wakaoa, na watoto wakalelewa katika mji na lugha ya mama zao. Vilevile Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la mwanzoni mwa karne ya 14, lenye birika la pembe nane, limeiga mitindo ya ng'ambo waziwazi. Mtawala tajiri huchagua mitindo anayoipenda. Huyu ndiye aliyempokea msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, mwaka 1331.

Mengine yanayosemwa kimakosa ni ya haraka.

Dhahabu haikuchimbwa Kilwa. Ilitoka nyanda za Zimbabwe, ikashuka hadi bandari ya Sofala, Msumbiji, na Kilwa ikapata utajiri kwa kuidhibiti njia hiyo.

Wareno hawakuifuta Kilwa. Waliiteka Julai 1505, wakaondoka 1512. Mji uliendelea, na mwaka 1776 sultani wake aliwekeana mkataba wa biashara ya watumwa na Mfaransa Morice. Ngome iitwayo Gereza tunayoiona leo ni ya enzi ya Waomani, juu ya mabaki ya ngome ya Wareno.

Sarafu tano za Kilwa zilizookotwa visiwa vya Wessel, Australia, mwaka 1944 hazithibitishi kwamba Waswahili walifika huko. Ziliokotwa pamoja na sarafu za Uholanzi, mojawapo ya 1690, kwa hiyo huenda zililetwa na mabaharia wa baadaye.

La mwisho linaharibu kuta kila mwaka: "Ziba ufa kwa saruji, ni imara zaidi." Saruji ni ngumu kuliko matumbawe na haipitishi unyevu. Maji yenye chumvi hunaswa nyuma yake, chumvi huganda ndani ya jiwe, na baada ya misimu michache saruji hubanduka na uso wa ukuta wa kale. Tumia chokaa iliyolowekwa vizuri, kipimo 1 kwa mchanga 3, mchanga uliooshwa chumvi yote. Lowesha ukuta kwanza. Piga tabaka lisilozidi sentimita 1, kisha lifunike kwa magunia mabichi siku 5 hadi 7. Likikauka kwa jua la mchana mmoja litapasuka, na fundi atasingizia chokaa.