Uhariri wa jeni na selimundu: yanayosemwa Kisumu na yaliyo kweli

Uingereza iliidhinisha Casgevy, tiba ya selimundu inayohariri jeni, Novemba 2023, Marekani ikafuata mwezi uliofuata. Habari hizo zimeshafika kwenye mabenchi ya wazazi wanaosubiri kliniki ya selimundu hapa Kisumu, ila zimefika nusunusu.

"Wanaing'oa jeni mbovu." Hawaing'oi, na hapa ndipo penye utamu. Jeni inayopinda chembe nyekundu haiguswi kabisa. Mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini (kibeba oksijeni cha damu) ya kijusi, ambayo haipindi chembe. Akishazaliwa, jeni nyingine iitwayo BCL11A huizima hiyo himoglobini polepole. Ndiyo maana mtoto wa SS (aliyerithi jeni ya selimundu, S, kwa wazazi wote wawili) huonekana mzima miezi ya mwanzo, kisha vidole vinaanza kuvimba. Wataalamu huchukua seli shina (seli mama za damu) za mgonjwa mwenyewe na, kwa CRISPR, yaani mkasi wa kukatia jeni, hukata kipande kinachoiwasha BCL11A katika seli zinazozaa damu. Seli zikirudishwa mwilini, himoglobini ya kijusi huanza kutengenezwa tena. Katika jaribio lililoifanya Marekani iidhinishe tiba hii, wagonjwa 29 kati ya 31 waliofuatiliwa vya kutosha walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila shambulio kali la maumivu.

"Basi hata watoto wake hawataugua." Kilichohaririwa ni seli za damu, si mayai wala mbegu. Aliyetibiwa bado atampa kila mtoto S moja, na akizaa na mwenye AS (aliyebeba S moja tu), kila mimba ina uwezekano wa nusu kwa nusu kuwa SS. Wachumba waendelee kupima. Nadhani watu huchanganya tiba hii na kisa cha He Jiankui wa China, aliyetangaza mwaka 2018 kwamba amehariri viinitete na watoto wakazaliwa. Yeye alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu.

"CRISPR imeponya Ukimwi." Bado. Katika jaribio la EBT-101, tiba ya CRISPR iliyolenga virusi vya Ukimwi, waliosimamisha ARV virusi viliwarudia. Msiache dawa.

"Ni sindano moja tu, unaenda nyumbani." Seli hurudishwa mara moja, kweli. Lakini kwanza mgonjwa hupewa busulfani, dawa kali ya kemotherapi, kuufagia uboho wa zamani. Hulazwa wiki kadhaa, na huenda asizae tena. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2. Kumpigia debe Casgevy mama anayehangaikia nauli ya matatu kutoka Bondo, kwangu ni kumtesa, hasa kwa kuwa kuna hidroksiyurea. Kidonge hicho nacho huiongeza himoglobini ileile ya kijusi, bila kugusa jeni. Utafiti uliofanyiwa watoto katika nchi nne za Afrika, Kilifi ikiwemo, matokeo yakachapishwa 2019, ulionyesha kwamba waliokitumia walipungukiwa na mashambulio ya maumivu, kuongezwa damu, na hata malaria.