Kilwa ndani ya pikseli moja: kuhamishia modi kwenye ramani halisi

Modi yangu (mabadiliko niliyoutengenezea mchezo wa kompyuta) ya Europa Universalis IV ilizaliwa kwenye ramani ya kubuni, ambako visiwa nilivichora nilivyotaka. Nilipoamua kuihamishia pwani yetu halisi, Mogadishu hadi Sofala, hesabu ya kwanza tu ilinikwamisha. Ramani ya mchezo ina upana wa pikseli 5,632. Zigawe kwa digrii 360 za dunia: huku karibu na ikweta, pikseli moja inabeba kilomita 7 hivi. Unguja, yenye urefu wa kilomita 85 hivi, inapata pikseli 12. Kilwa Kisiwani inamezwa na nukta moja. Ndiyo Kilwa hiyo aliyoifikia msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, mji ulioshika biashara ya dhahabu ya Sofala!

Kwangu mimi, ramani isiyompa mchezaji mahali pa kubofya Kilwa ni ramani ya uongo, hata kama kila ghuba imefuatwa kwa picha za setilaiti. Basi nimekikuza kisiwa hadi pikseli 5 kwa 4, kisiwa jirani cha Songo Mnara nikakiunganisha humo humo, kisha nikapanua mkondo unaokitenga na bara ili uonekane. Bara lenyewe sikuligusa.

Kwenye programu ya kuchorea, shika penseli, achana na brashi. Kila jimbo lina rangi yake katika faili la provinces.bmp, na namba za rangi hiyo zimeandikwa katika definition.csv. Brashi hulainisha kingo, kwa hiyo kati ya nyekundu ya Kilwa na buluu ya bahari huzuka zambarau isiyo ya jimbo lolote. Nimewahi kukesha nikisaka pikseli 3 za namna hiyo pembeni mwa Mafia.

Mkondo nao unahitaji mstari wake katika adjacencies.csv: jimbo la kisiwa, jimbo la bara, na eneo la bahari lililo katikati. Jeshi litavuka, lakini manowari za adui zikitawala maji hayo, njia imefungwa. Nimelipenda sana jambo hili, kwa sababu Mreno Francisco de Almeida alipoiteka Kilwa mwaka 1505 alikuja na merikebu. Maji yaliyoitenga Kilwa na bara ndiyo yaliyomleta.

Kilichonisumbua zaidi ni upepo. Mchezoni mishale inayoonyesha njia za biashara huelekea upande mmoja daima, ilhali majahazi yalishuka na kaskazi na kurudi na kusi. Mishale nimeiacha, nikaandika matukio mawili yanayofuata miezi. Kaskazi ikiingia, Desemba, nguvu ya biashara ya bandari zote hadi Kilwa inapanda. Kusi ikishika inashuka, maana wageni wameshatweka. Sofala haimo. Chombo cha Arabuni kisingeweza kufika huko na kurudi kwao ndani ya msimu mmoja, kwa hiyo dhahabu ililazimika kungojewa Kilwa.