Kovu dogo halilipwi? Si kweli

Askari wengi wa zamani wa Marekani hukata tamaa mapema kudai fidia ya kovu walilopata jeshini, ambayo hulipwa na idara ya serikali ya maveterani (VA): "Kovu langu ni dogo, nani atanilipa?" Wanakosea, na kosa hilo linawanyima haki yao.

Ukubwa ni kigezo kimoja tu. Kovu la juujuu mwilini, yaani lisiloharibu nyama iliyo chini ya ngozi, hupimwa kwa eneo, na lazima lifike sentimita za mraba 929 ndipo lipate asilimia 10 ya ulemavu, kiwango kinachoamua malipo. Lakini kovu linalouma, hata likiwa na urefu wa kidole, hupata asilimia 10 hiyohiyo. Yakiwa matatu au manne, 20. Matano na kuendelea, 30. Kovu likiuma na pia ngozi yake ikichubuka mara kwa mara, huongezwa 10. (Ya usoni yana kanuni zake.)

Hapa ndipo rufaa nyingi hugeuka. Daktari aliandika "haliumi" siku ya uchunguzi, ilhali mwenye kovu anajua linavyomchoma akivaa mkanda. Maelezo yake mwenyewe ni ushahidi. Bodi ya rufaa ya VA haiwezi kuyapuuza, na ushahidi ukilingana pande zote mbili, sheria inampa yeye ushindi. Ana mwaka 1 tangu uamuzi kutolewa kukata rufaa.