Kutoa thamostati hakuponyi gari linalochemsha

Gari kuukuu likichemsha kwenye mlima wa Kitonga, ushauri wa kijiweni huwa mmoja: "Toa thamostati, maji yazunguke." Wenye magari wengi Iringa na Mbeya huitoa wenyewe na kuamini wamemaliza kazi. Si kweli.

Thamostati ni vali ndogo inayozuia maji kwenda kwenye rejeta hadi injini ipate moto, mara nyingi kwenye nyuzijoto 82 hivi. Ukiitoa, asubuhi ya Julai pale Mbeya injini inakaa baridi muda mrefu: inakula mafuta, oili inabaki nzito na silinda zinalika mapema. Kibaya zaidi, kwenye injini nyingi za Toyota za zamani, thamostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato inayorudisha maji ya moto kwenye injini. Isipokuwepo, sehemu ya maji haipiti kabisa kwenye rejeta, na mlimani gari linaweza kuchemsha kuliko mwanzo.

Ipime kwanza. Ininginize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, washa jiko, uangalie: inapaswa kuanza kufunguka kabla maji hayajachemka. Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Ndiyo maana huku kwetu kifuniko cha rejeta kinachoshika presha, ili maji yasichemke mapema, ni cha lazima. Mpira wake ukichakaa, nunua kipya. Kisha kagua feni, pampu ya maji na kutu ndani ya rejeta. Ila injini ikiwa ya moto, tafadhali usikifungue kifuniko hicho.