Craig wa Glasgow na Craig wa Chicago: lafudhi ni nini hasa?

Lafudhi ni namna ya kutamka lugha ambayo mtu huwa nayo kwa sababu ya mahali alipokulia, watu aliokaa nao, au lugha aliyoanza nayo utotoni. Inahusu sauti peke yake: irabu, konsonanti, mkazo na kiimbo. Msamiati na sarufi vikibadilika pia, tumekwisha kutoka kwenye lafudhi na kuingia kwenye lahaja. Ndiyo maana Kimvita na Kiunguja huitwa lahaja, ilhali mtu wa Bukoba na mtu wa Tanga wanaweza kuandika Kiswahili sanifu kilekile, neno kwa neno, kisha wakakisoma kwa lafudhi mbili. Ufafanuzi unatosha hapo. Kilichonifanya niandike si ufafanuzi bali matumizi.

Katika mazungumzo ya siku hizi lafudhi imekuwa ama sifa ama aibu. Kijana anayezungumza Kiingereza kwa kukipitisha puani husifiwa kwamba "ana lafudhi", na msoma habari wa London husemwa kwamba "hana lafudhi kabisa", kana kwamba yeye huzungumza bila ulimi wala meno. Hayo nimeyazoea. Lililonishinda ni la juzi, sebuleni kwa dada yangu, tulipokuwa tukitazama filamu ya Kimarekani ambamo mhusika mmoja aliyeandikwa Graham aliitwa "Gram" mwanzo hadi mwisho. Shemeji yangu akawaeleza watoto, kwa uhakika wa mtu aliye nyumbani kwake, kwamba hiyo ndiyo lafudhi ya Kimarekani, na kwamba hata Craig wao humwita "Kreg" kwa sababu hiyohiyo. Nilikuwa mgeni na chai ilikuwa nzuri, kwa hiyo nilinyamaza.

Neno lenyewe lina historia inayostahili kusimuliwa. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi wa lam, fa na dha, wenye maana ya kukitoa kitu kinywani na kukitupa nje. Waarabu huutumia mzizi huo hata kwa bahari inapokitema kitu ufukoni, picha ambayo mtu wa pwani haihitaji kuelezwa. Kutoka hapo likapatikana "lafdh", yaani tamko, neno linalotoka mdomoni, na kitenzi chake kimo katika Kurani, sura ya Qaf, aya ya 18, inayosema kwamba mtu hatamki neno ila yupo karibu naye mwangalizi aliye tayari. Kwa hiyo katika Kiarabu neno hili halikuwa jina la namna ya kutamka. Lilikuwa jina la kitu kinachotamkwa. Namna ya kuzungumza ya watu wa mahali fulani Waarabu huiita "lahja", na neno hilo hubeba mambo mawili, msamiati wa watu hao na sauti zao. Kiswahili kikayachukua maneno yote mawili, kikaipa lahaja kazi ya mfumo mzima na lafudhi kazi ya sauti tu. Tumepata mgawanyo safi kuliko ule wa lugha tuliyoazima kwake, na inasikitisha kidogo kuona tunavyouchezea.

Jambo jingine la kufurahisha ni kwamba neno lafudhi ni kipimo cha lafudhi. Ile "dh" yake wengi huigeuza "z" wakasema "lafuzi". Katika Kiswahili cha mashariki mwa Kongo mgeuzo huo una utaratibu kamili: fedha ni "feza", dhahabu ni "zahabu", na Ramadhani ni Ramazani, tena huandikwa hivyo. Mtu anayeitwa Ramazani hakukosea jina lake. Sauti moja imehama katika maneno yote iliyomo, na jina limehama nayo.

Hapo ndipo penye tofauti inayonikera ikipuuzwa. Jina likitamkwa kwa namna mbili, chukua maneno mengine ya lugha hiyo yenye sauti ileile, uyasikilize kinywani mwa msemaji yuleyule. Yakibadilika yote pamoja na jina, hiyo ni lafudhi: maji yamejaa na ngalawa zote zimeinuka. Jina likibadilika peke yake na maneno mengine yakabaki yalivyokuwa, basi hakuna lafudhi iliyohusika. Kilichopo ni desturi ya kulitamka jina hilo mahali hapo, jambo ambalo hujifunzwa jina kwa jina kama tunavyojifunza nani anaitwa nani.

Tuyapime majina machache ya Kiingereza. Katika sehemu kubwa ya Marekani Carrie na Kerry ni jina moja sikioni. Ukiita mmoja darasani Chicago, wote wawili watageuka. Uingereza hawageuki wote, kwa sababu irabu ya Carrie na ile ya Kerry bado ni mbili. Je, ni lafudhi? Pima: Wamarekani haohao hutamka "marry" na "merry" sawasawa, na Mary naye anaingia humohumo. Jibu ni ndiyo. Don na Dawn ni hivyohivyo: kwa watu wa California na wa sehemu kubwa ya Kanada yametamkwa kuwa jina moja, pamoja na "cot" na "caught", wakati London mtu hawezi kumchanganya bwana huyo na bibi huyo. Hapa sikio la Mswahili, lenye irabu tano tu, linakubaliana na la California, kwa kuwa Kiingereza cha kusini mwa Uingereza kina irabu zipatazo 20 ukijumlisha na zile zinazoungana, na nyingi hutupita tukizitazama.

Peter wa Marekani, kwa sikio letu, ni karibu "Pira", kwa kuwa "t" iliyo katikati ya irabu hugongwa mara moja na ncha ya ulimi mpaka inafanana na "r" yetu nyepesi. Neno "water" hufanywa vivyo hivyo, kwa hiyo ni lafudhi. Keith na Ruth katika mitaa mingi ya London ni "Kif" na "Ruf", na namba tatu nayo huwa "fri", lafudhi tena. Ben wa majimbo ya kusini mwa Marekani husikika "Bin", lakini Beth wa huko hubaki Beth, kwa sababu irabu hiyo hupanda mbele ya "n" na "m" tu. New Zealand irabu hiyo imepanda kila mahali, na Beth amepanda pamoja na Ben. Lafudhi mbili, kila moja na kanuni yake.

Yupo pia George. Kusini mwa Uingereza, Australia na New Zealand "r" haitamkwi isipokuwa ifuatwe na irabu. Uskoti, Ayalandi na sehemu kubwa ya Marekani hutamkwa. Babu zetu walimpokea George akiwa Joji, bila "r" yoyote, na walipokea namba, spana, picha na shati kwa hali hiyohiyo. Tairi na daktari viliponyoka, lakini kundi ni kubwa kiasi cha kuonyesha kwamba Kiingereza kilichofika masikioni mwao kilikuwa cha watu wasiotamka "r" hiyo. Lafudhi ya mgeni imehifadhiwa ndani ya Kiswahili, na hakuna anayedai kwamba aliyesema Joji alikosea.

Sasa tumrudie Craig. Jina limetokana na neno la Kigeli la Uskoti lenye maana ya mwamba. Mwingereza hulitamka karibu na "Kreig", na Mmarekani wa kawaida husema "Kreg", likilingana kabisa na Greg. Lakini mpe Mmarekani huyo neno "plague", atalitamka kwa irabu ndefu yenye mwisho wa "i", kama Mwingereza. Irabu yake haijaenda popote. Ni Craig aliyehama peke yake. Kisha nenda Glasgow. Huko Craig husikika kwetu "Kreg" pia, kwa kuwa Waskoti hutamka irabu hiyo nzima nzima, bila kuimalizia kwa "i", na hufanya hivyo katika "day", katika "face" na katika kila neno lenye sauti hiyo. Mswahili akiwaandika wote wawili kwa tahajia yake atapata "Kreg" mara mbili, moja ikiwa lafudhi na nyingine isiwe. Sikio peke yake halitoshi kutoa hukumu. Lazima uyaulize na maneno mengine.

Anthony ndiye ninayempenda zaidi, kwa sababu watu huwacheka Waingereza kwa kumtamka kwa "t". Jina ni la Kilatini, Antonius, lisilo na "h" hata moja. "H" iliongezwa karne nyingi baadaye na wasomi waliodhani limetokana na neno la Kigiriki la ua. Waingereza waliiandika ile "h" bila kuitamka, kama sisi tunavyosema Antoni. Wamarekani waliiona kwenye maandishi wakaitamka. Mwingereza anayesema "Antoni" hana shida yoyote na "th" katika neno "think", kwa hiyo si lafudhi.

Mfano wa wazi kuliko yote umo ndani ya mtu mmoja. Colin Powell, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani kuanzia 2001 hadi 2005, alizaliwa New York mwaka 1937 na wazazi waliotoka Jamaika, ambayo wakati huo ilikuwa koloni la Uingereza. Nyumbani aliitwa kwa matamshi ya Kiingereza cha Uingereza, "Kolin". Desemba 1941 rubani wa Marekani aitwaye Colin Kelly aliuawa vitani Ufilipino akatangazwa kuwa shujaa, na jina lake lilitamkwa "Kowlin". Watoto wa mtaani wakaanza kumwita mwenzao kwa jina la shujaa, naye akabaki "Kowlin" mbele ya dunia, huku jamaa zake wakiendelea kumwita "Kolin". Neno "college" kinywani mwake halikubadilika kwa ajili ya rubani huyo. Kilichobadilika ni jina.

Sitaki kudai kwamba mpaka huu hauna matope. Maurice Uingereza hutamkwa kama Morris, mkazo ukiwa mwanzoni, na Marekani mkazo huhamia mwishoni, "Moris" akawa "Moriis". Bernard hufuata njia hiyohiyo. Ukisema ni desturi ya majina tu, nitakukumbusha kwamba Waingereza huweka mkazo mwanzoni katika "ballet" na "café" pia, na Wamarekani huuweka mwishoni. Yaani kuna mwelekeo unaogusa maneno mengi yenye asili ya Kifaransa. Ukisema ni lafudhi, nitakuuliza mbona haugusi maneno yasiyotoka Ufaransa. Wanafonetiki nao hawaiti mambo haya yote kwa jina moja. John Wells, Mwingereza aliyefundisha kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha London, huzihesabu hata tofauti za neno mojamoja kuwa miongoni mwa tofauti za lafudhi, ila naye huzitenga katika fungu lake, mbali na zile za mfumo wa sauti. Mimi nimeshika neno katika maana yake nyembamba kwa kuwa ndiyo inayotusaidia kueleza kilichotokea.

Kwa hiyo shemeji hakuwa mbali na ukweli. Wamarekani wengi husema "Gram", silabi moja pale ambapo Mwingereza hutamka mbili, hilo ni sahihi, na watoto hawakudanganywa. Ila Mmarekani huyohuyo hulitamka neno "mayhem" kwa silabi zake mbili kamili, bila kulibana kuwa moja, jambo linaloonyesha kwamba ulimi wake hauna uadui na sauti hizo. Ingetosha kuwaambia watoto kwamba kwao jina hilo huitwa hivyo, na kulihifadhi neno lafudhi kwa ajili ya Peter na Carrie. Na yule msoma habari wa London anayesemwa kwamba hana lafudhi, anayo. Craig wa Glasgow huitambua kabla habari ya kwanza haijafika nusu.